Chai ya Askari: Tafsida na Mvuto wa Filamu za Polisi Wala Rushwa

Katika kumbi za sinema na vibanda vya video vya miji mingi, mtu ambaye asubuhi ametoa hongo kwenye kizuizi cha barabarani ili apite salama, jioni hulipa kiingilio ili amtazame askari akipokea hongo. Fedha ya asubuhi ilimuuma. Ya jioni huitoa kwa hiari, na hutoka ukumbini ameridhika. Wachambuzi wa sinema wamekuwa na majibu mawili makuu kwa fumbo hili. Baadhi husema kuwa mtazamaji hufuata bastola na mbio za magari, na kwamba askari mwovu ni kisingizio tu cha vurugu. Wengine husema kuwa hufuata kisasi, kwa kuwa katika filamu mwovu huvuna alichopanda, jambo ambalo kizuizini halitokei. Majibu yote mawili yana ukweli wake. Hata hivyo, hayaelezi kwa nini filamu za aina hii huibuka kwa wingi katika miji fulani na katika miaka fulani, wala kwa nini tukio linalokumbukwa mara nyingi si la risasi bali ni dogo na la kimya: bahasha inapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na hakuna anayesema neno.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba sehemu kubwa ya mvuto huo ni suala la lugha. Rushwa ya polisi huishi kwa tafsida. Huombwa kwa maneno ya upole, hutolewa kwa maneno ya upole, na baadaye kila upande unaweza kukana kuwa kuna kitu kilichoombwa au kutolewa. Kamera haina upole huo. Inauonyesha mkono. Mtazamaji aliyeshiriki kwa miaka mingi mazungumzo ya nusunusu hupata saa mbili za kuliona jambo likiwekwa wazi mbele ya watu wengine ambao nao walikuwa wakilijua. Kwa hiyo historia ya filamu hizi yaweza kusomwa kama historia ya mahali ambapo tafsida ilivunjika na, kama itakavyoonekana, mahali ambapo tafsida mbaya zaidi ilijificha nyuma ya ile iliyovunjika.

Kiswahili chenyewe kinatoa mlango mzuri wa kuingilia mada hii. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizopitia. Ugogo ilikuwa na sifa ya hongo kubwa, na wasafiri wa Kizungu wa miaka hiyo waliinung'unikia sana katika vitabu vyao. Hongo ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Ililipwa hadharani baada ya majadiliano marefu, na aliyeipokea hakuona haya, kwa sababu mgeni alikuwa akinywa maji yake na kukanyaga ardhi yake. Utawala wa kikoloni ulipojitwalia peke yake haki ya kutoza, neno lilibaki lakini uhalali wake ukaondoka. Askari anayesimamisha gari na kupokea noti iliyokunjwa ndani ya leseni anafanya kitendo chenye umbo lilelile la kale, yaani kizuizi, msafiri na malipo ya kupita, ila hathubutu kukitaja. Hapo ndipo chai inapoingia.

Orodha ya majina ya malipo haya ni ndefu: chai, chochote, kitu kidogo, na mengine yanayozaliwa na kufa kila mwaka. Lakini kinachostahili kuangaliwa zaidi na mwanaisimu si nomino bali vitenzi. Askari hasemi "nipe". Husema "tusaidiane", au huuliza "tunaelewanaje?" Kauli ya kutendana, ambayo katika sarufi huonyesha kuwa pande mbili zinafanyiana jambo lilelile, hapa hutumika kuficha kwamba upande mmoja una pingu na mwingine hauna. Kiambishi kimoja kidogo kinawageuza mnyang'anyi na mnyang'anywa kuwa washirika. Nchini Kenya msamiati huo ulizoeleka kiasi kwamba mwaka 2001 Eric Wainaina aliweza kuuita wimbo wake Nchi ya Kitu Kidogo na kila msikilizaji akajua ni nchi ipi. Nchini Tanzania tafsida ilipanda hadi kwenye vitabu vya sheria: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, neno zuri la Kiarabu lenye maana ya ukarimu, mpaka Mahakama Kuu ilipoyabatilisha mwaka 2006. Rushwa, neno la kisheria, halisikiki kizuizini.

Na Kiswahili husema rushwa huliwa. Askari ni mla rushwa, chai hunywewa. Sitiari hii ya mdomo na tumbo si ya Waswahili peke yao, na ni hiyo itakayouongoza mjadala hadi New York. Lakini kwanza yafaa kueleza kwa nini Wamarekani walichelewa kumwonyesha askari wao akila.

Kuanzia mwaka 1930 kampuni kubwa za filamu za Hollywood zilikubali kanuni ya maadili, na kuanzia mwaka 1934 kanuni hiyo ilisimamiwa kwa ukali na ofisi ya Joseph Breen. Ilitaka, pamoja na mengi mengine, kwamba sheria isidhihakiwe na mhalifu asionewe huruma. Askari mbaya mmoja aliweza kupita, mradi awe mmoja, na mradi taasisi ibaki safi mwishoni. Ndani ya mipaka hiyo watengenezaji filamu wenye akili walijifunza kusema kwa kuzungukazunguka, na pengine ndiyo maana filamu mbili bora za kipindi hicho zote zinahusu neno lililofichwa. Katika The Big Heat ya Fritz Lang (1953), askari anajipiga risasi mezani kwake akiacha barua inayoeleza jinsi genge la Lagana lilivyouweka mji mfukoni. Mjane wake anaificha barua na kuigeuza mtaji. Watu wanakufa, mke wa mpelelezi Bannion analipuliwa ndani ya gari, na muda wote huo mtazamaji anajua kuwa kuna karatasi mahali fulani inayosema waziwazi kile ambacho mji mzima unakijua. Katika Touch of Evil ya Orson Welles (1958), kapteni Hank Quinlan hali fedha. Kosa lake ni kupandikiza ushahidi. Anaweka baruti ndani ya kisanduku cha viatu ambacho ofisa wa Kimeksiko, Vargas, alikuwa amekiona kitupu. Anayemwangusha ni sauti yake mwenyewe, iliyonaswa kwenye kinasa sauti.

Welles aliongeza jambo linalosumbua. Mwishoni inaelezwa kuwa kijana aliyebambikiwa baruti alikuwa amekiri kosa. Quinlan alidanganya, na alikuwa amepatia. Mtazamaji aliyekwishamchukia anaachwa na swali ambalo hakulitaka, nalo litarudi mbele katika mazingira mengine kabisa.

Kanuni ya Hollywood ilifutwa mwaka 1968. Miaka miwili baadaye ukweli wenyewe uliipita sinema. Frank Serpico aliingia katika polisi ya New York mwaka 1959. Alipohamishiwa vitengo vya askari wasiovaa sare vilivyoshughulikia kamari, alikuta utaratibu uliopangwa kama mishahara: wachezesha kamari walilipa kila mwezi, na fedha ikagawanywa kwa mafungu. Serpico na mwenzake David Durk walipeleka habari hizo kwa wakubwa wa polisi na katika ofisi ya meya, bila mafanikio. Mwishowe walikwenda kwenye gazeti, na tarehe 25 Aprili 1970 The New York Times likachapisha makala ya David Burnham. Meya John Lindsay alilazimika kuunda tume chini ya wakili Whitman Knapp. Februari 1971, kabla tume haijaanza vikao vyake vya hadhara, Serpico alipigwa risasi usoni katika msako wa dawa za kulevya Brooklyn. Alinusurika, akatoa ushahidi mwaka huohuo, akastaafu mwaka 1972 na kuhamia Ulaya.

Ripoti ya Knapp ni hati ambayo mwanaisimu anaweza kuisoma kwa furaha, kwa sababu sehemu yake nzuri ni kama kamusi. Askari walikuwa na neno kwa utaratibu wa malipo ya kila mwezi, neno jingine kwa fungu la kila askari, na jingine kwa dau kubwa la mara moja. Walitenganisha fedha safi, yaani ya kamari, na fedha chafu, yaani ya dawa za kulevya, na aliyekula ya kwanza alijiona mwadilifu mbele ya aliyekula ya pili. Maarufu zaidi ni mgawanyo wa wala majani na wala nyama. Wala nyama walikuwa wachache. Waliwinda fedha usiku na mchana. Wala majani walikuwa wengi. Walipokea tu kile kilichowajia, chakula cha bure hapa, noti chache pale. Tume ilisema jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kiini cha tatizo ni wala majani, kwa kuwa wingi wao ndio unaoifanya rushwa ionekane kitu cha heshima. Kwa maneno ya Afrika Mashariki, hatari haiko kwa mnyang'anyi peke yake. Iko kwa yule mwungwana anayepokea chai.

Filamu ya Serpico ya Sidney Lumet ilitoka mwaka 1973, Al Pacino akiwa mhusika mkuu, na msingi wake ni kitabu cha Peter Maas cha mwaka huohuo. Inaanza na majeruhi anayekimbizwa hospitali, halafu inarudi nyuma. Inayokaa akilini si ile risasi. Ni nyuso za askari wenzake, watu wa kawaida wenye wake na watoto na madeni ya nyumba, wanapogundua kuwa mmoja wao hapokei fungu lake. Hawamwonei wivu wala hawamdhihaki; wanamwogopa. Asiyekula hawezi kuaminika, kwa sababu hana cha kuficha. Hapa tafsida haiko katika neno tena, iko katika ukimya wa kikosi kizima, na Serpico anauvunja kwa kukataa tu kunyoosha mkono. Watazamaji wa New York walikuwa wamezisoma habari hizo magazetini kwa miaka mitatu. Hawakwenda kujua, walikwenda kuona. Methali ya Kiswahili isemayo kikulacho ki nguoni mwako ingeweza kuandikwa juu ya sare zile. Inafaa kuongeza kuwa Serpico alipewa nishani ya juu ya polisi mwaka 1972 bila sherehe yoyote, na cheti chake rasmi kilimfikia mwaka 2022.

Lumet alirudia mada hiyo katika Prince of the City (1981) na Q&A (1990), na baada yake wakaja wengi. Training Day ya Antoine Fuqua (2001), iliyotengenezwa baada ya kashfa ya kitengo cha Rampart cha polisi wa Los Angeles, ilimpa Denzel Washington tuzo ya Oscar. Hapo ndipo penye udhaifu wake. Askari wake, Alonzo, ana maneno matamu kuliko mtu yeyote katika filamu, na vijana wengi walitoka ukumbini wakimwiga yeye, si kijana mwadilifu aliyemshinda.

Huko Hong Kong, maelfu ya kilomita kutoka Brooklyn, mambo yalifuata mkondo unaofanana kwa kiasi cha kushangaza, hata katika msamiati. Wakazi wa koloni lile la Waingereza waliyaita malipo madogo kwa watumishi wa umma "fedha ya chai". Waswahili hawakulitoa jina lao huko, wala watu wa Hong Kong hawakulitoa pwani ya Afrika Mashariki. Mahali popote ambapo chai ni alama ya ukarimu mdogo usiokataliwa, mpokea rushwa ataikimbilia. Ndani ya polisi kulikuwa na sitiari nyingine, ya basi. Askari mgeni aliambiwa kuwa anaweza kupanda basi, au kukimbia kando yake, lakini asithubutu kusimama mbele yake. Kupanda ni kula. Kukimbia kando ni kunyamaza. Kusimama mbele ni kushitaki.

Mwaka 1973 ofisa mwandamizi wa polisi, Peter Godber, alitoroka kwenda Uingereza wakati akichunguzwa kuhusu mali ya zaidi ya dola milioni 4.3 za Hong Kong. Wananchi waliandamana wakidai akamatwe. Februari 1974 gavana MacLehose alianzisha tume huru ya kupambana na rushwa, nje kabisa ya mamlaka ya polisi. Godber alirudishwa Januari 1975 na kufungwa miaka minne. Msako uliofuata uliwagusa askari wengi kiasi kwamba Oktoba 1977 baadhi yao walivamia ofisi za tume, na gavana akalazimika kutangaza msamaha wa sehemu kwa makosa ya kabla ya mwaka huo.

Sinema ya Hong Kong imekuwa ikila katika historia hiyo kwa miongo kadhaa. Lee Rock (1991), akiigiza Andy Lau, iliwarudisha watazamaji katika miaka ya 1960 ya masajenti matajiri, na iliwarudisha kwa shauku kuliko kwa hasira. Kilele chake kilikuwa Infernal Affairs ya Andrew Lau na Alan Mak (2002), ambamo askari amejipenyeza katika genge na mtu wa genge amejipenyeza katika polisi, na wote wawili wamezungumza lugha ya uongo kwa muda mrefu hata hawajui tena lugha yao. Katika toleo la Hong Kong, mhalifu aliyevaa sare anabaki na sare yake. Kwa soko la China bara palitengenezwa mwisho mwingine: anatoka kwenye lifti na kukamatwa. Tofauti ya matoleo hayo mawili ni dakika chache tu, lakini inaeleza mengi. Mkaguzi wa filamu hakuhofu kuwa watu watajifunza uhalifu. Alihofu kuwa wangeona polisi akibaki mchafu, na wangetambua kuwa wameshapata kuona hivyo mahali pengine. Martin Scorsese aliihamishia hadithi hiyo Boston katika The Departed (2006), akapata Oscar ya filamu bora.

Watazamaji wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam hawakuingia katika mada hii kupitia Hong Kong wala New York, bali kupitia Bombay. Kwa miongo mingi filamu za Kihindi zilikuwa sehemu ya jioni ya Jumapili katika miji ya pwani, na watu wasiojua Kihindi walizijua nyimbo zake. Katika filamu nyingi za zamani za Bombay polisi ni kichekesho kinachofika mwishoni, ving'ora vikilia, baada ya shujaa kumaliza kazi. Zanjeer ya Prakash Mehra (1973) ilibadili sauti. Inspekta Vijay, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anasingiziwa kupokea rushwa na kufungwa. Uadilifu wake hauna pa kukaa ndani ya sare, naye anaupeleka nje kwa ngumi zake.

Kumi baadaye ilitoka Ardh Satya ya Govind Nihalani (1983), ambayo ni filamu kubwa zaidi kwa kila kipimo isipokuwa mapato. Jina lake lina maana ya nusu ya ukweli. Om Puri anaigiza Velankar, inspekta mdogo mwenye hasira na heshima, ambaye kila anapomkamata mtu wa Rama Shetty simu inapigwa na mtu anaachiwa. Hasira isiyo na njia inaingia mikononi: anampiga mshukiwa mdogo mpaka anafia mahabusu. Ili aokoke, inambidi aende kwa Rama Shetty yuleyule kuomba. Hakuna bahasha katika tukio hilo. Anachotakiwa kulipa ni nafsi yake. Velankar anamnyonga Rama Shetty, kisha anajisalimisha kituoni. Kumbi zilishangilia pale aliponyonga. Nihalani alitengeneza filamu kuhusu mtu aliyevunjika, na watazamaji wakaona mtu aliyeshinda.

Shangilio hilo halipaswi kupitwa haraka, maana ndilo linalorudisha swali la Quinlan. Katika miaka ileile ya 1980 polisi wa Bombay walianza kuwaua washukiwa wa magenge na kuyaita mauaji hayo kwa neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya kukutana uso kwa uso. Hakuna aliyeuawa, "palitokea kukutana". Mwaka 2004 filamu Ab Tak Chhappan ilichukua hesabu ya mauaji ya namna hiyo kuwa jina lake: hadi sasa 56. Mtazamaji aliyefurahi kuona tafsida ya fedha ikivuliwa nguo aliipokea tafsida ya kifo bila kuuliza. Kiswahili nacho kina maneno ya kazi hiyo. Habari ya redioni kwamba washukiwa "waliuawa katika majibizano ya risasi na polisi" ina kauli ya kutendana ileile ya kizuizini. Kujibizana ni kwa watu wawili wenye sauti. Habari kama hiyo aghalabu haielezi ni risasi ngapi zilizotoka upande wa marehemu.

Fasihi ya Kiswahili ya upelelezi ilitangulia sinema ya Kiswahili kwa miaka mingi, nayo ilimtendea polisi kwa adabu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni raia mwenye kiko na akili. Polisi ni wageni katika upelelezi wake. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) alimtumia inspekta wa polisi, Wingo, naye ni mtu safi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea. Mpangilio huu una mantiki yake. Mwandishi aliyetaka kuonyesha kuwa haki haipatikani kituoni hakuhitaji kuandika hivyo. Ilitosha kumpa upelelezi mtu asiye askari. Hiyo nayo ni tafsida, ya kisanaa, na wasomaji waliielewa.

Katika sinema njia ilikuwa nyembamba zaidi. Kenya ilirithi na kuendeleza Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inayomtaka mtengenezaji apate leseni kabla ya kuwasha kamera. Kwa hiyo kwa muda mrefu askari mla rushwa aliyeonekana katika vibanda umiza vya Afrika Mashariki alikuwa Mmarekani, Mchina au Mhindi. Watafsiri wa video kama Lufufu wa Dar es Salaam walimpa sauti ya Kiswahili, wakisimulia juu ya filamu, wakieleza nani ni nani na anataka nini. Katika usimulizi wa namna hiyo polisi wa mbali husogezwa karibu, kwa kuwa maneno ya kumwelezea ni yaleyale ya mtaani.

Askari huyo alipofika nyumbani, alifika Nairobi. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ilitoka mwaka 2012 na ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mhusika mkuu, Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano na kuwaigizia wateja vipande vyake. Ni mtazamaji kabla ya kuwa chochote kingine. Anaingia Nairobi, anaibiwa, anakamatwa, na mahabusu analazimishwa kusafisha choo ambacho filamu inakionyesha bila huruma. Humo anakutana na Oti na genge lake. Mchana anajifunza uigizaji, usiku anaiba vipuri vya magari. Na juu ya genge wako askari wanaotaka fungu lao.

Kuna jambo moja katika filamu hiyo linalopaswa kumvutia kila anayesoma Kiswahili. Wahusika huzungumza Kiswahili, Kikuyu na Sheng, na Sheng, lugha iliyomwita askari karao muda mrefu kabla ya kamera kufika, ni lugha isiyo na haja ya kumheshimu. Kaulimbiu ya polisi wa Kenya ni ya Kiswahili sanifu: Utumishi kwa Wote. Kati ya kaulimbiu hiyo na neno karao kuna umbali ambao hakuna hotuba ya serikali iliyowahi kuupima, na filamu inaupima kwa kuwaacha tu watu waseme kama wasemavyo. Watazamaji wa Nairobi walicheka pale ambapo watazamaji wa Ulaya walisoma manukuu kimya.

Tena Gitonga hakuishia kwenye fungu la fedha. Askari waliokuwa wakila na genge ndio wanaoligeukia na kuwaua vijana wake wakiwa tayari mikononi mwao. Hapo majibizano ya risasi yanaonekana yalivyo: upande mmoja una silaha, mwingine umefungwa. Jambo hilo halikubuniwa. Mwaka 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, aliizuru Kenya na kuripoti kuwa mauaji ya kiholela ya polisi yalikuwa yameenea na yalipangwa. Katiba mpya ya mwaka 2010 ilifuatiwa mwaka 2011 na sheria ya kuunda mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Kama New York ya 1973, mji uliojaza kumbi mwaka 2012 ulikuwa umekwishasoma ripoti.

Lakini filamu ilibaki na upungufu mmoja ambao ni upungufu wa aina nzima ya filamu hizi. Wanaouawa ndani yake ni wezi. Mtazamaji anawaonea huruma kwa kuwa amewajua, na bado anaweza kujiambia kuwa yaliyowapata ni mambo ya wezi na askari. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi aliyewabeba walitoweka walipokuwa wakitoka mahakamani Mavoko, nje kidogo ya Nairobi. Miili yao iliopolewa mtoni. Mteja alikuwa mwendesha bodaboda aliyemlalamikia rasmi askari aliyempiga risasi mwaka uliotangulia. Hakutoa kitu kidogo, wala hakuelewana na mtu, alishitaki. Kwa lugha ya Hong Kong, alisimama mbele ya basi. Julai 2022, baada ya miaka sita, Mahakama Kuu ya Nairobi iliwatia hatiani maofisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wao. Katika hukumu hiyo hapakuwa na majibizano wala kukutana. Neno lililotumika lilikuwa mauaji.